Kilemba Kilichokaa Kibuyuni

Mwanafunzi wake mwaminifu! Nilipolisikia neno hilo tena, kwenye arubaini ya Maalim Hasani kule Kajiado, chai ilinimwagikia kwenye buibui, na mjukuu wangu Salma akakimbia kunipangusa akidhani ni mikono ya uzee. Si uzee. Ni hasira. Hasira hiyo nimekaa nayo tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na sita. Nimeolewa nayo, nimezaa nayo, nimehamia nayo Kitengela kwenye nyumba ya mwanangu Rashidi, ghorofa ya juu ambako maji hupanda kwa mtungi, na bado haijapoa. Mimi shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo mtakaoyasoma haya msitafute maneno matamu. Salma ndiye amenisahihishia herufi. Huyo anasomea uwakili, na siku akivaa lile joho jeusi nitatembea Kitengela nzima nikimtangaza, watu wachoke na mimi.

Kwa asiyejua, Kajiado kuna kaburi la Sheikh Zubeiri, ng'ambo ya reli. Ni chumba kidogo chenye mlango wa kijani, na ndani kuna sanduku la kioo. Ndani ya sanduku mna kilemba chake, kitambaa kirefu kilichogeuka rangi ya chai, kikiwa na doa kubwa jeusi upande mmoja. Kila mwaka mwezi wa Maulidi kinatolewa, na kabla hakijatolewa yanasomwa majina ya waliokishika, huyu alipokea kwa yule. Wanaita silsila. Hapo ndipo unapomsikia: “Sheikh Zubeiri akamkabidhi mwanafunzi wake mwaminifu, mwanafunzi wake mwaminifu akamkabidhi Maalim Hasani.” Na sasa Maalim Hasani amekufa, Mungu amrehemu kwa yale anayostahili kurehemewa, mwanawe Yusufu amejiongeza: “na Maalim Hasani akamkabidhi mwanawe.” Alilisoma kwa kipaza sauti mpaka mbuzi wa jirani wakalia.

Siku hiyo alikuwepo binti mmoja mgeni anayeitwa Njeri, Mkristo wa Nyeri anayefanya kazi Nairobi, mtandio unamteleza kila akiinama. Kamati ya kaburi ilikuwa imemwita yenyewe. Kazi yake ni kutazama vitu vya zamani na kusema kama ni vya kweli, ndipo mahali paandikwe kuwa pa kihistoria, na mtu asije kesho na tingatinga kusema kiwanja ni chake. Baada ya pilau aliuliza kwa adabu kabisa, “Samahani Maalim, huyo mwanafunzi aliitwa nani?”

Yusufu akatazama wazee. Wazee wakatazama sahani.

“Jina lake limepotea,” akasema. “Lakini alikuwa mtu mkubwa sana.”

“Mkubwa na hana jina?” Binti hakuwa anacheka. Alieleza polepole, kama unavyomweleza mtu unayemheshimu. Sheikh alikufa zamani, Maalim Hasani hata hajazaliwa. Katikati hapo ni pengo. Kama hakuna anayejua kilemba kilikuwa wapi miaka hiyo yote, basi kinaweza kuwa cha Sheikh na kinaweza kuwa cha mtu yeyote. Tena kilikuwa kinanuka moshi, na wenye kutengeneza vitu bandia wana mtindo wa kufukiza kitambaa kipya kionekane kikuukuu. “Sisemi ni bandia,” akasema. “Nasema sina ushahidi.”

“Na damu je?” mzee mmoja akauliza. “Si unaona damu? Sheikh alipigwa jiwe na maadui wa dini!”

Hapo nilitoa sauti puani, na wanawake waliokuwa upande wetu wa pazia wakageuka. Kwa sababu ile damu naijua. Ule moshi naujua. Na huyo mwanafunzi mwaminifu nilipika naye, nililala chumba kimoja naye mwaka mzima, na hakuwa mwanafunzi wa mtu. Alikuwa mke wa Sheikh. Aliitwa Nasieku.

Mambo ya ukoo wangu niyaache, hayana faida hapa. Nilipelekwa Kajiado kwa sababu Bi Nasieku alikuwa ameanza kuingiwa na ukungu machoni na alihitaji msichana wa kuchota maji na kuwasha moto. Nilikuta mama mrefu, mweusi, masikio yametobolewa na kuning'inia kama ya Wamaasai wengine, lakini kichwani amejifunga mtandio na mkononi tasbihi. Nilichanganyikiwa. Nikasema asalaam aleikum, akajibu, halafu akanisalimia kwa lugha ya kwao, “Takwenya!” Akacheka, “Hiyo inajibiwa iko, wewe. Hapa tunasalimiana mara mbili, Mungu asiposikia moja atasikia nyingine.” Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la ngozi, na harufu ya ngozi mbichi iliingia na chumvi yake mpaka kwenye ugali. Kitanda kimoja cha fito kilichotandikwa ngozi ya ng'ombe, chake. Mkeka mmoja, wangu. Ukutani msahafu ndani ya mfuko wa kitambaa, na mbali kidogo, kwenye misumari, vibuyu. Vibuyu vya maziwa vilikuwa vimepakwa mafuta na kufungwa shanga. Kimoja hakikuwa na shanga, na hicho kilikaa peke yake juu ya kichwa cha kitanda.

“Hicho usikiguse mpaka nikwambie,” alisema.

Tulikula ugali na maziwa yaliyoganda, asubuhi na jioni, na siku ya Ijumaa nyama ikiwa mwenye duka amechinja. Maziwa yale yalikuwa na ladha ya moshi. Mimi nilikuwa nimezoea maziwa ya sufuria, siku za kwanza nilikuwa nayameza nimefumba macho. Akanifundisha. Unachukua kijiti cha oloirien, huo mti mgumu ambao wengine wanauita mzeituni wa mwitu, unakichoma mpaka kiwe kaa jekundu, unakiingiza kibuyuni na kusugua sugua ndani, moshi unajaa, halafu unakung'uta majivu. Maziwa hayaharibiki, wadudu hawakaribii. Kila mama wa Kimaasai anajua hilo kabla hajaota meno ya pili. Na siku moja alikishusha kile kisichokuwa na shanga, akakifungua, akatoa kitambaa kirefu kirefu, kikawa kinatoka tu kama utumbo wa mbuzi, akakilaza kitandani. Akasugua kibuyu kwa kaa kama kawaida, akakung'uta, akangoja kipoe, akakirudisha kitambaa ndani. Nikauliza, “Bi, nguo inafukizwa kama maziwa?” Akasema, “Nondo nao wana meno. Mimi kwetu hakukuwa na sanduku. Nilikuwa na kibuyu, basi nikatumia kibuyu.”

Habari yenyewe alinipa kidogo kidogo, akiwa anachambua maharagwe, maana mikono yake ilipokuwa na kazi ndipo mdomo ulipofunguka. Sheikh Zubeiri alikuwa mchuuzi wa nguo, akitembea na punda kati ya Kajiado na Magadi, akisomesha watoto popote alipolala. Alimwoa kwa mahari ya ng'ombe kama mtu mwingine yeyote, na yeye akasilimu. Uchungu wa mtoto ulimshika njiani, porini, nguo zote zimeshauzwa, wakaja wanawake wa boma la karibu kumzalisha. Mtoto alikuja vibaya. Mwanamke akishajifungua anafungwa tumbo kwa kitambaa, mkaja, ili damu itulie na tumbo lirudi. Hakukuwa na kitambaa. “Basi akavua kilemba,” Bi Nasieku alisema. “Kichwa wazi, mbele ya watu, yeye ambaye hata mimi sikuwa nimezoea kuona upara wake. Akasema, mfungeni mke wangu. Mtoto hakuishi. Mimi niliishi. Nilipotaka kukifua nimrudishie akakataa. Akasema, kaa nacho, kimefanya kazi bora kuliko kukaa kichwani mwangu.”

Sheikh alipata homa na kufa kabla arobaini ya uzazi ya mkewe haijaisha. Jamaa zake wakaja, wakachukua vitabu, punda, birika, mpaka kamba ya punda. Kilemba hawakukiona kwa sababu kilikuwa kimemfunga tumbo, ndani ya nguo, na nani atamfunua mzazi? Wakaondoka, wakamwacha kama gunzi. Akarudi kwa baba yake, na baba yake akampa mume mwingine, mzee wa huko huko, asiyejua kuswali. “Ningekataa ningekula nini? Imani?” Hapo aliyatupa maharagwe sufuriani kwa nguvu. “Nilikaa kwa yule mzee miaka yake yote, nikamzalia watoto, mpaka nikamzika. Na swala sikuacha. Nilikuwa naswali nyuma ya zizi, ng'ombe wananiangalia.”

Nauliza nyinyi mnaosoma: huyu ameacha dini wapi? Mimi nilimsikia kila alfajiri. Alfatiha yake ilikuwa na ulimi wa Kimaa, “r” zinagongana kama mawe, lakini ilikuwa nzima. Ninajua watu wenye Kiarabu cha kumwaga ambao nisingewaachia hata kuku.

Mwaka huo huo ndipo Maalim Hasani alipoanza kuja. Alikuwa kijana bado, mpole, mwenye ndevu chache, mgeni Kajiado, na alikuwa amelikuta kaburi la Sheikh limeota miiba. Alilisafisha kwa mikono yake, hilo simnyimi. Watu wakamwambia kuna mama nyuma ya duka la ngozi ana kitu cha Sheikh. Basi akija, mimi natengeneza chai nje, na ukuta ulikuwa wa mabati, nasikia kila neno.

“Yeyo,” anamwambia, anamwita mama kwa lugha yao ili amlainishe, “kitu cha walii kukaa kwenye kibuyu cha maziwa, si ni aibu?”

“Aibu gani? Maziwa ni najisi siku hizi?”

“Hapana, lakini watu wangependa kukiona.”

“Kuniona mimi hawakupenda, lakini kitambaa wanapenda.”

Namsikia anakunywa chai. Halafu, siku nyingine, “Yeyo, macho yako yanaondoka. Ukifa, nani atakijua? Watoto wako watafungia ndama.” Hilo lilimwingia. Usiku huo hakula. Maalim alipokuja tena, Bi akamwambia, “Nitakupa. Lakini sitaki kitu chako. Nataka jina. Mkikitoa mbele za watu, mseme kilikaa kwa nani.” Na Maalim Hasani akasema, nilimsikia kwa masikio haya, “Wallahi Yeyo, jina lako litakaa kati ya jina lake na langu.” Bi akakishusha kibuyu mwenyewe, akapapasa, akakitoa kitambaa, akamwekea magotini. Alimweleza yote pale pale, mkaja, damu, jamaa, mume wa pili. Maalim alilia. Machozi ya kweli, niliyaona nikiingiza sinia.

Maulidi yakafika. Bi Nasieku alinituma nimnunulie mafuta mazuri, akajipaka, akavaa leso mpya, akaenda akinishika bega. Tulikaa mbele kabisa, pazia linatugusa pua. Upande wa wanaume wakaanza kusoma. Sheikh Zubeiri akamkabidhi. Alinibana mkono. Mwanafunzi wake mwaminifu. Mwanafunzi wake mwaminifu akamkabidhi Maalim Hasani. Wakapiga dufu, wakaendelea. Yeye akabaki ameinamisha sikio, anangoja. Walipofika kwenye dua, aliniuliza pole pole, “Wameshanitaja? Labda sikusikia vizuri.”

Nilimwambia bado, Bi. Nikasema pengine watataja mwisho. Mwisho ukafika, pilau ikapakuliwa, akapewa sahani yake kama wengine, akala.

Nilimfuata Maalim Hasani mimi, msichana asiye na adabu, nikamsimamia mlangoni. Akasema wazee wamekataa. Wamesema haifai kilemba cha walii kiwe kilifunga tumbo la mzazi, na haifai kipite kwa mwanamke aliyeolewa na kafiri. “Watu watatucheka,” akasema. Akasema atajaribu mwaka ujao. Bi Nasieku hakufika mwaka ujao. Alizikwa kwao, na Maalim hakwenda. Alikuwa na safari, wakasema. Miaka yote iliyofuata alilisoma lile neno kwa sauti yake nzuri, na kila aliposoma hakutazama upande wa pazia.

Sasa turudi kwenye arubaini. Watu walipokuwa wanaosha mikono, Yusufu alikuja upande wetu, simu mbili mfukoni, akachuchumaa mbele yangu kwa heshima nyingi. Alijua. Baba yake alikuwa amemwambia kabla ya kufa, kwa hivyo alijua kila kitu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

“Mama Rashidi,” akasema, “wewe peke yako uliyebaki uliyekiona kabla ya baba. Mwambie huyu binti ulikiona. Sema ulikiona kwa mzee mmoja mcha Mungu. Jina si lazima.”

“Mzee?”

“Mzee, tu. Mtu.”

“Yule alikuwa na matiti, Yusufu. Nilimwogesha.”

Wanawake wakaguna wakificha midomo. Yeye akaangalia chini. “Mama, fikiria kaburi. Tusipopata ushahidi, mahali patakwenda. Unataka jina la mwanamke mmoja livunje nyumba ya Sheikh?”

“Nani aliyeihifadhi hiyo nyumba? Ungekuwa na kilemba gani leo? Na mama Aisha, mke wa Mtume, je? Si nusu ya mambo mnayotuhubiria mmeyapokea kwake? Huko mwanamke alifaa, hapa Kajiado ndipo amekuwa najisi?”

Akanyanyuka. Akasema nimekuwa mzee. Kweli, nimekuwa mzee, hata yeye anaelekea huko.

Nilimwita Njeri tukaenda kukaa kwenye gari la Salma, nikamweleza, tangu punda mpaka maharagwe. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye kibuyu alifumba macho akacheka peke yake, akaniita bibi kwa kwao, “Oloirien! Shosho, nimenusa moshi huo na sikuujua.” Nilipofika kwenye mkaja hakucheka. Nikamuuliza, haya, wewe msomi, neno la bibi kizee mmoja ni ushahidi au ni porojo? Akanijibu kama mtu mzima. Akasema neno langu peke yake halitoshi, lakini linaeleza moshi, linaeleza doa, linaeleza pengo, yote matatu kwa mpigo, na hadithi yao haielezi hata moja. “Halafu, Shosho, mtu akitunga uongo hutunga wa kujisifu. Hakuna mtu duniani angetunga kwamba kilemba cha mtakatifu kilifunga damu ya uzazi. Hiyo ndiyo inanifanya niamini.” Akataka doa lipimwe, na jina liandikwe: Nasieku, mke wa Sheikh, mhifadhi wa kilemba.

Kamati ilikataa. Afadhali kisitambuliwe, wakasema, kuliko kitambuliwe hivyo. Wakatia kufuli sanduku la kioo, wakamshukuru binti kwa kuja, wakamrudisha Nairobi. Mnaona? Walikuwa na ushahidi mkononi. Walililia ushahidi, na ulipokuja umevaa leso wakaufungia mlango. Mimi nilirudi Kitengela nikakaa kwenye baraza la Rashidi natazama lori za mawe zikishuka kutoka machimboni, nikasikia moyo umejaa vumbi kama zile. Salma akasema tuwashtaki. Nikamwambia kesi ya nini, mwanangu, hakimu gani atasikiliza kibuyu. Lakini wanawake wa Kajiado walikuwa wamesikia yale majibizano, na mwanamke akisikia jambo huwa halibaki kwenye sikio. Wakaanza kunipigia simu. Mama Swaleh wa mandazi, binti za marehemu wa duka la ngozi, hata wake wa wanakamati. “Mama Rashidi, aliitwa nani kamili?” Nawaambia. “Rudia.” Narudia.

Maulidi ya mwaka huu nilikwenda. Salma alinishika bega. Nilikaa mbele, pazia linanigusa pua. Yusufu alishika kipaza sauti, akavuta pumzi, akaanza, “Sheikh Zubeiri akamkabidhi,” na kabla hajamtoa mwanafunzi wake, nikasema kwa sauti niliyobakiza, “Nasieku!” Sauti ya uzee haifiki mbali. Lakini nyuma yangu Mama Swaleh akasema Nasieku. Binti za duka la ngozi wakasema Nasieku, mke wake. Halafu upande wote wa wanawake, wenye watoto mgongoni na wenye masufuria mkononi, wakalisema, wengine wamelikosea kidogo, wengine wakaongeza Bi na rehema za Mungu, kila mmoja kwa wakati wake, likawa linazunguka kule nyuma halimaliziki.

Yusufu hakulitaja. Lakini kipaza sauti chake kilinyamaza, dufu zikanyamaza, na ikabidi angoje tumalize.